La Kushoto, la Kulia

Miaka ishirini na saba niling'arisha magoti
ya watu nisiowajua,
katika karakana ya Attercliffe, kando ya mto Don,
gurudumu la kitambaa likinguruma,
vumbi la kobalti limenikaa puani kama ugoro.
Msimamizi wetu, Priestnall, alikuwa akisema:
"Glenys, nataka nizione ndevu zangu humo."
Nikasugua mpaka akaziona,
na makombo ya mkate yaliyomo ndevuni pia.

Gumba langu lilijua kuliko mashine.
Kipimo kikisema sawa, gumba husema bado:
pale kwenye mkunjo, chuma kinapopinda kwenda nyuma,
pana unywele, kasoro isiyo na jina.
Nilirudisha. Walinuna. Nikarudisha tena.
Sikujua ni goti la nani. Nilijua tu
kwamba unywele ule utaitafuna plastiki hatua kwa hatua,
plastiki ikiliwa, mfupa hulegea,
na mfupa ukilegea, kuna mtu atakayelia chooni usiku
amefungulia bomba asisikiwe.

Kisha yangu mwenyewe yakaisha.

La kushoto nilitiwa mwaka wa mafuriko.
Saizi zilikuwa tano, zote zimetokana na paja la mwanamume;
mwanamke ni mwanamume mdogo,
ndivyo michoro ilivyodhani.
Kwa urefu lilinitosha. Kwa upana lilizidi,
milimita tatu huku, milimita tatu kule,
sinia juu ya kigoda,
na nyama ikawa inasuguana na ukingo
ambao huenda niliuzungushia mimi mkononi mwangu.
Eksirei ilitoka safi.
"Limekaa wima, Bi. Oldroyd," mpasuaji akasema,
akiitazama picha, si mimi.
Nikamjibu: picha haishuki ngazi.

Maana kwetu Walkley mitaa ilichorwa na mtu aliyechukia magoti.
Kupanda ni jasho tu.
Kushuka ndiko kunakolifichua goti:
katikati ya kukunja na kunyoosha
lilikuwa likiteleza mbele, kidogo,
kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi.

Akaja mhandisi kijana, Imogen Sowerby,
na vipimo vya mapaja elfu kadhaa, ya kike na ya kiume.
Akateremka hadi kwenye benchi zetu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya,
akauliza: "Mnayoyarudisha, huwa mnayarudishia wapi?"
Nikamshika kidole, nikakipitisha kwenye mkunjo.
Alinyamaza muda mrefu.

Saizi zikawa kumi na mbili. Yakaja membamba,
mkunjo wake ukiwa duara moja lisilo na kituo.
Niliyang'arisha, na Mungu anisamehe,
niliyaonea wivu.

La kulia ni katika hayo.
Mfuniko umepata chungu chake.
Wiki ya sita nilishuka hadi kituo cha tramu
nikagundua mlangoni kwamba fimbo nimeisahau.

Sasa ninaishi na wake wenza, nyumba moja, mlo mmoja.
Mdogo hana neno.
Mkubwa hununa baridi ikiingia, huvimba baada ya soko,
hunikumbusha nani alitangulia.
Na nisiseme uongo: kupiga magoti kwenye bustani
wote wawili wamekataa.
Viazi vyangu navipanda nikiwa nimeinama kama mwizi.

Hospitali imeniletea fomu.
*Umeridhika? Moja hadi tano.*
Kisanduku kimoja.
Nimeandika tatu,
nambari isiyo ya huyu wala ya yule,
na huko waendako kuzijumlisha
nitakuwa mwanamke mmoja mwenye magoti ya wastani.

Usiku, televisheni ikiwa imezimwa,
gumba hujiendea lenyewe hadi kwenye la kushoto,
hupapasa chini ya ngozi,
hufika ukingoni, husimama.
Bado, linasema.
Bado.
Nami sina tena benchi la kurudishia.